Maji Yaliyokwisha Kutoka Yasirudi Bombani

Barua ya wazi kwa Magavana na mabunge ya kaunti za Meru na Embu. Kwa kampuni za maji za MEWASS, Imetha na EWASCO. Kwa kamati za miradi ya maji ya jamii. Na kwa Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB

Waheshimiwa,

Barua hii inaanza na mpira wa maji. Ni ule mpira wa kawaida unaouzwa kwa mita katika kila hadiwea, kuanzia Maua hadi Kiritiri. Ncha moja imefungwa kwenye mfereji wa nyumbani. Ncha ya pili imetumbukizwa ndani ya pipa la lita 200, na ndani ya pipa hilo mkulima tayari amemimina dawa ya kopa ya kunyunyizia kahawa. Maji yanajaa polepole, naye anakwenda kuitafuta pampu ya mgongoni. Siku nyingi hakuna kinachoharibika. Lakini kuna siku bomba kuu hupasuka huko chini bondeni, au zamu ya mgao hufika na vali ya eneo zima ikafungwa. Presha inaanguka, maji yanageuza mwendo, na mchanganyiko ulio ndani ya pipa unaanza kupanda mpira kuelekea bombani. Maji yakirejea saa chache baadaye, hakuna ajuaye ni mfereji wa nyumba ipi utakaoipokea ile dawa.

Maji kurudi nyuma ni hatari inayojulikana na kila mhandisi wa maji, na kinga yake ni rahisi kuliko madhara yake. Hata hivyo, mazungumzo ya maji katika kaunti hizi mbili huhusu zaidi uhaba, bili, mabomba mapya na mabwawa. Usafi wa maji huzungumziwa kana kwamba kazi huisha kwenye mtambo wa kusafishia. Barua hii inawaomba wahusika waitazame sehemu iliyosahaulika: kipande cha bomba kilicho baada ya mita, ambako kampuni huhesabu kuwa mamlaka yake yamekoma na ambako hatari nyingi huanzia.

Bomba halijui upande wa kampuni wala upande wa mteja. Maji hutoka palipo na presha kubwa kwenda palipo na presha ndogo, basi. Kuna njia mbili zinazoyafanya yarudi. Ya kwanza ni kufyonzwa: presha katika bomba kuu inaanguka, bomba linakuwa na utupu, na kila kitu kilichogusana na mdomo wa mfereji au mpira kinavutwa ndani. Ya pili ni kusukumwa: mteja ana pampu, tangi lililoinuliwa au mtambo wenye presha kubwa kuliko ya bomba la kampuni, na maji yake yanalishinda bomba hilo na kuingia humo kwa nguvu. Njia ya kwanza huvizia nyakati za mgao na mabomba kupasuka. Ya pili inaweza kutokea hata siku ambayo kampuni inatoa maji bila kasoro.

Miteremko ya Mlima Kenya inaifanya njia ya kwanza iwe kali zaidi. Mlima una kimo cha mita 5,199. Mji wa Meru uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Embu karibu 1,350, na nyanda za Mbeere zinateremka hadi chini ya mita 1,000 kuelekea mto Tana. Maji ya Kathita na Rupingazi huteremka kwa uzito wake yenyewe, na hiyo ni baraka kubwa kwa kampuni kwa sababu gharama ya umeme wa kusukuma inapungua. Lakini kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya baa moja hivi. Tofauti ya kimo ya mita 100 kati ya tangi na mteja wa mwisho ni baa 10, ndiyo maana mafundi hujenga matangi ya kupunguza presha njiani.

Sasa fikiria vali ya juu imefungwa kwa mgao huku mifereji ya bondeni ikiwa wazi. Maji yaliyobaki bombani yanaendelea kuteremka na kutoka kwa wateja wa chini, na nyuma yake yanaacha utupu. Utupu huo unavuta kutoka kwenye nyumba za juu. Kwa kimo cha Meru, hewa ya kawaida ina nguvu ya kuyainua maji hadi karibu mita 8 na nusu ndani ya bomba lenye utupu kamili. Hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo inatosha kuvuta pipa, karai au ndoo iliyowekwa chini ya mfereji. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa juu, anayedhani mgao ni shida ya kukosa maji tu, anaweza kuwa ndiye anayewachafulia walio chini bila kujua.

Mgao unaongeza hatari nyingine. Bomba linalokaa tupu linavuta pia kupitia nyufa na viungo vilivyolegea. Kitaifa, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji za Kenya hayaleti mapato, na sehemu kubwa ya hayo huvuja ardhini. Tundu linalomwaga maji safi nje presha ikiwapo ndilo linaloingiza tope, maji ya mitaro na uchafu wa vyoo presha inapokosekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika miji pacha ya Hubli na Dharwad nchini India ulilinganisha mitaa yenye maji ya mgao na mitaa yenye maji saa zote. Katika mitaa ya mgao, karibu theluthi moja ya sampuli za mifereji zilikuwa na bakteria wa E. koli. Katika mitaa ya maji saa zote zilikuwa chini ya asilimia moja. Wakazi wa pande zote mbili walikuwa wa miji hiyohiyo.

Wengine watasema klorini iko. Ni kweli, na kazi hiyo inastahili shukrani. Klorini inayobaki bombani baada ya kusafisha, ambayo kwa kawaida hulengwa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, imewekwa ili ilinde maji dhidi ya uchafu mdogo wa njiani. Haikuwekwa kupambana na lita nyingi za maji taka yanayoingia kwa mkupuo. Na mbele ya dawa ya kupe, dawa ya kuua wadudu au mbolea iliyoyeyushwa, haina uwezo wowote.

Ni wapi hasa hatari hii inaishi katika Meru na Embu? Haihitaji kutafutwa mbali.

Iko mashambani kwanza. Kahawa ya SL28 na SL34, ambayo ingali kwenye mashamba mengi ya Imenti, Runyenjes na Manyatta, hushambuliwa na ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, kwa hiyo hunyunyiziwa dawa mara kadhaa kwa msimu. Aina za Ruiru 11 na Batian zimepunguza haja hiyo, lakini mashamba ya zamani hayajang'olewa. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini hunyunyiziwa dawa ya kupe. Kila mara maji huchotwa kwa mpira kutoka mfereji uleule unaojaza sufuria ya ugali. Kisha kuna umwagiliaji. Mitunguu, huko Imenti Kusini, inajulikana kwa mradi wake wa kunyunyizia mashamba kwa mabomba ya mteremko, na pande za Timau kuna mashamba makubwa ya maua na mboga. Mkulima anayechanganya mbolea moja kwa moja kwenye mabomba ya kumwagilia amejenga mtambo mdogo wa kemikali. Mtambo huo ukiunganishwa na bomba la maji ya kunywa bila kizuizi, umbali kati ya mbolea na kikombe cha mtoto ni vali moja iliyosahaulika wazi.

Iko pia palipo na vyanzo viwili vya maji. Boma lenye maji ghafi ya mradi wa jamii kwa ajili ya shamba, na maji ya kampuni kwa ajili ya nyumba, si jambo la ajabu katika nchi hii ya mito. Shule, hoteli na nyumba za kupangisha huchimba visima virefu ili kukabiliana na mgao. Chanzo kimoja kinapokauka, fundi huombwa aunganishe viwili hivyo kwa kipande cha bomba na vali moja katikati. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na haionekani kutoka barabarani. Lakini siku pampu ya kisima itakapowashwa na vali hiyo ikawa wazi, maji ambayo hayajapimwa wala kutiwa dawa yatasukumwa ndani ya bomba la mtaa mzima.

Kuna pampu zinazofungwa moja kwa moja kwenye bomba la kampuni ili kunyonya maji mengi kabla ya jirani. Aliye nayo hupata maji. Wenzake hupata utupu, na utupu huo huyavuta maji ya vidimbwi vinavyozunguka bomba bovu. Kuna matangi ya chini ya ardhi katika majumba ya kupangisha, yaliyo karibu na shimo la maji taka, ambamo bomba la kuingizia limeshuka hadi chini ya usawa wa maji. Kuna matangi ya juu ya paa ambayo floti yake imekwama na bomba la kumwagia maji ya ziada limezibwa. Kuna vibanda vya kuosha magari, vichinjio, saluni zenye mipira ya kuoshea nywele inayolala ndani ya beseni, na viwanda vya kahawa ambako mbegu huoshwa kwa maji mengi.

Na kuna hospitali. Hospitali ya Embu Level 5 na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru zinahudumia wagonjwa wa kaunti kadhaa. Hospitali za kiwango hicho kwa kawaida huwa na mochari, maabara, chumba cha kufulia na mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye kanuni za maji kurudi nyuma, hospitali na mochari huwekwa katika daraja la juu la hatari na hulazimika kuwa na kinga imara kuliko zote. Kanuni hiyo haimshutumu mtu. Inatambua tu kwamba kinachoweza kurudi kutoka huko ni kibaya kuliko kinachoweza kurudi kutoka jikoni kwa mtu.

Mifano ya dunia inaonyesha kwamba jambo hili halichagui nchi maskini wala nchi tajiri. Mwaka 1933 jiji la Chicago, Marekani, lilikuwa na maonyesho makubwa yaliyovuta wageni kutoka kila upande. Katika hoteli mbili zilizotumia mfumo mmoja wa mabomba, maji taka yalipata njia ya kuingia kwenye maji ya kunywa. Wageni walirudi makwao wakiwa wameambukizwa ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba, na madaktari wa miji mingine hawakuutambua upesi. Watu 98 walikufa. Msiba huo ulikuwa miongoni mwa yale yaliyoisukuma Marekani kuichukulia kwa uzito miunganisho ya hatari kati ya maji safi na maji machafu.

Mwaka 1969, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, timu ya kandanda ya Kimarekani ya chuo cha Holy Cross ilipatwa na homa ya ini. Waliougua au kuonyesha dalili za maambukizi walikuwa 90 kati ya wachezaji na makocha 97, na msimu ulisitishwa baada ya mechi mbili tu. Uchunguzi ulilifuata bomba hadi kwenye uwanja wa mazoezi. Watoto wa nyumba jirani, ambao tayari walikuwa na ugonjwa huo, walikuwa wamecheza kwenye kishimo chenye mfereji wa kumwagilia nyasi. Moto ulipozuka mjini na wazima moto wakavuta maji mengi, presha ikaanguka, na maji ya kishimo hicho yakafyonzwa hadi kwenye mfereji ambao wachezaji walinywea. Magari ya zimamoto ya Meru na Embu nayo hujaza maji kutoka kwenye mabomba ya mji. Kila yanapojaza kwa haraka, hali kama ile ya Worcester inaweza kutokea.

Mfano wa tatu ni wa karibuni zaidi. Mwishoni mwa Novemba 2007, katika mji mdogo wa Nokia nchini Finland, vali iliyounganisha bomba la maji ya kunywa na bomba la maji yaliyosafishwa ya mtambo wa maji taka ilifunguliwa. Mamia ya maelfu ya lita za maji hayo yaliingia kwenye mfumo wa mji. Zaidi ya watu 8,000 waliugua, katika mji wenye wakazi wapatao 30,000. Finland ni miongoni mwa nchi zenye huduma bora za maji duniani. Kilichokosekana Nokia kilikuwa nafasi ya hewa kati ya mabomba mawili ambayo hayakupaswa kugusana.

Afrika Mashariki inajua vyema maradhi yanayosafiri na maji. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015, mlipuko wa homa ya matumbo jijini Kampala ulikuwa na zaidi ya wagonjwa 10,000 walioshukiwa, na wachunguzi waliuhusisha na maji yaliyochafuliwa na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Mlipuko ule haukuelezwa kuwa wa maji kurudi nyuma. Umetajwa hapa kwa sababu unaonyesha kasi ya ugonjwa katika mji wenye watu wengi pindi maji yanapochafuka. Hapa pia wanaoweza kuathirika ni wengi: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu.

Msingi wa kisheria upo tayari. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba limeweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa WASREB kazi ya kuweka viwango na kutoa leseni kwa watoa huduma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inazitaka mamlaka za eneo kuzuia uchafuzi wa maji yanayotumiwa na umma. Ubora wa maji ya kunywa una kiwango chake, KS EAS 12, ambacho Kenya inakitumia pamoja na nchi jirani. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba bomba lililo baada ya mita ni mali ya mteja. Bomba ni lake, lakini maji yanayorudi kutoka humo yanaingia kwenye mfumo wa umma, na mfumo huo una mwenye leseni.

Kinachoombwa ni mpango wa kila kaunti, ulioandikwa, wenye bajeti na wenye afisa anayeujibia. Mpango huo uanze na orodha. Kila kampuni iwapange wateja wake kwa daraja la hatari: hospitali, mochari, maabara, vichinjio, mashamba yenye mitambo ya mbolea na viwanda katika daraja la juu, shule, hoteli, majumba ya kupangisha na vituo vya kuosha magari katika daraja la kati, nyumba za kawaida katika daraja la chini. Wasomaji mita huingia kila boma kila mwezi. Wakipewa mafunzo mafupi na fomu ya ukurasa mmoja, wanaweza kurekodi kama kuna kisima, pampu, tangi la chini, mifugo au mpira uliotumbukizwa. Hakuna tarakilishi wala mshauri wa gharama kubwa anayehitajika ili kazi hiyo ianze.

Baada ya orodha, kila daraja lipewe kinga yake. Kinga iliyo bora kuliko zote ni nafasi ya hewa: mdomo wa bomba linaloingiza maji uwe juu ya ukingo wa tangi kwa umbali usiopungua mara mbili ya upana wa bomba. Bomba la inchi moja liachiwe inchi mbili. Hewa haifyonzi wala haisukumi, na haiharibiki kwa kutu. Shamba lenye mtambo wa mbolea lipokee maji ya kampuni ndani ya tangi kwa nafasi hiyo, kisha litumie pampu yake lenyewe. Pasipowezekana, hospitali na viwanda viweke kifaa chenye vali mbili na chumba cha katikati ambacho hujimwaga nje vali zikishindwa, kikaguliwe kila mwaka na matokeo yahifadhiwe. Kwa nyumba za kawaida, vali ya njia moja iwekwe kwenye kila mita mpya kuanzia sasa, na kwenye mita za zamani kadiri zinavyobadilishwa. Mifereji ya nje ifungiwe kidude kidogo cha kuskrubu ambacho huingiza hewa mara tu presha inapoanguka.

Vali ya njia moja peke yake isichukuliwe kuwa kinga ya kemikali. Mchanga ukiingia, haifungi. Kwa hiyo isiwe kisingizio cha kumruhusu mkulima atumbukize mpira kwenye dawa, au hoteli iunganishe kisima na bomba la mji. Miunganisho kati ya maji ya kampuni na maji ya chanzo kingine ipigwe marufuku moja kwa moja katika sheria ndogo ya kaunti, pamoja na pampu zinazonyonya kutoka bomba la umma. Sheria hiyo itoe kipindi cha kujirekebisha bila faini, kwa sababu miunganisho mingi ilifanywa na watu waliokuwa wakitafuta maji, bila nia ya kumdhuru jirani.

Namna ya kugawa maji nayo ibadilike. Mahali ambapo mgao hauepukiki, mabomba yasiachwe yakauke kabisa pale inapowezekana kuacha presha ndogo. Vali zifungwe na kufunguliwa polepole, vali za hewa kwenye vilele vya mabomba zikaguliwe, na maji ya kwanza baada ya mgao mrefu yamwagwe kwanza, kisha klorini ipimwe mwishoni mwa laini. Zimamoto iwajulishe watu wa maji kabla ya kujaza magari yake isipokuwa kwa dharura, na baada ya dharura sampuli zichukuliwe katika mitaa ya jirani.

Mafundi ndio watakaoubeba mpango huu. Meru National Polytechnic, vyuo vya Nkabune na Kiirua, na chuo cha Jeremiah Nyagah huko Rwika vinafundisha vijana ufundi wa mabomba na kazi nyingine za mikono. Somo la kuzuia maji kurudi nyuma linaweza kufundishwa kwa vitendo kwa mpira, ndoo ya maji yenye rangi na bomba la plastiki linaloonyesha ndani. Kaunti ziandae kozi fupi kwa mafundi walio kazini tayari, ziwape vyeti, na kampuni zikubali maombi ya kuunganishwa maji yaliyosainiwa na fundi mwenye cheti pekee. Fundi akijua kwamba jina lake limeandikwa kwenye fomu, atakuwa na sababu ya kumkatalia mteja anayetaka kuunganisha mabomba mawili.

Swali la gharama litaulizwa, nalo linastahili jibu la haki. Mteja maskini asibebeshwe bei ya vali kwa mkupuo. Kampuni inaponunua vali kwa wingi hupata bei nafuu, na malipo yanaweza kugawanywa katika bili za miezi kadhaa. Wateja wa daraja la juu, ambao ni wachache na wana uwezo zaidi, walipie vifaa vyao. Kampuni pia zitanufaika. Maji yanayorudi kupitia mita zisizo na kizuizi huweza kuuzungusha mshale kinyume, na hewa inayosukumwa wakati maji yanarejea huizungusha mita mbele, ndipo wateja hulalamika kwamba wanalipia upepo. Vali za njia moja na vali za hewa zilizo katika hali nzuri hupunguza ugomvi wa pande zote mbili.

Kamati za miradi ya jamii zisiachwe nyuma. Miradi hiyo ilijengwa kwa michango na kwa jasho la wanakijiji waliochimba mitaro kwa mikono, na inawafikia watu ambao kampuni hazijawafikia. Mingi hubeba maji ya mto moja kwa moja. Ombi kwao ni dogo na ni la mwanzo: laini yao isiunganishwe kamwe na laini ya kampuni ndani ya boma la mwanachama, na sharti hilo liandikwe katika kanuni za uanachama. Maafisa wa afya ya umma wa wadi wanaweza kusaidia kulielezea katika baraza la chifu na mikutano ya vyama vya kahawa.

Wananchi nao waambiwe ukweli kwa lugha wanayoielewa. Muuga FM inasikika Meru na Wimwaro FM Embu. Tangazo fupi la Kimeru na la Kiembu kabla ya msimu wa kunyunyizia kahawa linaweza kueleza mambo matatu: mpira usitumbukizwe, maji yajazwe kwanza na dawa itiwe baada ya mfereji kufungwa, na mfereji ufungwe maji yanapokatika. Kila kampuni iwe na nambari moja ya simu ya kupokea taarifa za maji yenye rangi, harufu au ladha isiyo ya kawaida. Taarifa ikithibitishwa, kampuni itangaze siku hiyohiyo ni mitaa gani isinywe, hata kama habari hiyo ni ya aibu. Wahudumu wa afya katika zahanati wapewe nambari hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kuona wagonjwa watano wa kuhara kutoka mtaa mmoja.

WASREB ina nafasi ya pekee. Inapochapisha ripoti yake ya kila mwaka, inazipanga kampuni kwa ubora wa maji, upotevu wa maji, saa za huduma na vigezo vingine, na kampuni hujali sana nafasi zake katika orodha hiyo. Kigezo kimoja kikiongezwa, yaani idadi ya wateja wa daraja la juu waliowekewa kinga na kukaguliwa, kitafanya kazi ambayo barua nyingi haziwezi. Meru na Embu zinaweza kuwa kaunti za kwanza kukijaribu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, kila kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka katika bunge lake ifikapo tarehe 1 Septemba. Barua hii inawaomba mawaziri wa maji na afya wa Meru na Embu waweke mstari wa kuzuia maji kurudi nyuma katika mpango ujao, hata kama fedha za mwaka wa kwanza zitatosha tu kuandaa orodha ya wateja, kufundisha wasomaji mita na kuzilinda hospitali mbili kuu. Inaziomba kamati za maji za mabunge hayo ziwaite wakurugenzi wa kampuni na kuwauliza, hadharani, ni wateja wangapi wa daraja la juu walio nao na ni wangapi kati yao wenye kinga. Jibu lichapishwe mahali ambapo mlipa bili anaweza kulisoma.

Kwa heshima,

Mwananchi anayelipia maji, Embu